Magadi ya Natron na Kiwanda Kinachorudi Kila Mara

Magadi ya Ziwa Natron hayajawahi kukosa wa kuyatamani. Yako wazi, tabaka juu ya tabaka, katika bonde kame la kaskazini mwa Tanzania linalopakana na Kenya. Ng'ambo ya mpaka huo, katika Ziwa Magadi, bidhaa hiyohiyo imekuwa ikichimbwa na kusafirishwa kwa reli tangu miaka ya 1910. Kwa hiyo mwaka 2006, Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) na Tata Chemicals ya India walipokuja na kampuni ya ubia, Lake Natron Resources, hesabu yao ilionekana nyepesi: kiwanda cha kutoa tani 500,000 za magadi soda kwa mwaka, kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha kukiendesha, makazi ya wafanyakazi, na njia ya kupeleka mzigo bandarini. Mwaka 2008 Tata wakajitoa. Kiwanda hakijajengwa hadi leo.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa ndege. Heroe, au flamingo kama wengi wanavyowaita, walipata watetezi duniani kote, kampuni kubwa ikaona haya, ziwa likapona. Simulizi hiyo ina ukweli, ila inaacha nje mengi yanayoeleza kwa nini mradi ulisimama, na hasa kwa nini umekuwa ukirudi mlangoni kila baada ya miaka michache. Ukiiweka Natron kando ya Rampal nchini Bangladesh, Lamu nchini Kenya na Sua nchini Botswana, unaanza kuona ni kitu gani huwapa wananchi nguvu ya kukataa kiwanda, na nani hubaki mikono mitupu hata baada ya kiwanda kukataliwa.

Ubishi wote umesimama juu ya kemia ya ziwa. Natron lina urefu wa karibu kilomita 60, lakini kina chake hakifiki mita 3. Maji huingia kutoka Mto Ewaso Ng'iro wa Kusini, unaoanzia upande wa Mau nchini Kenya, na kutoka mito midogo kama Peninj pamoja na chemchemi za maji moto. Hakuna mto unaotoka. Jua ndilo linaloyaondoa maji, na kinachobaki ni chumvi na magadi. Jirani yake ni Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamasai, volkano ambayo lava yake ina sodiamu nyingi kiasi kwamba wanajiolojia hawajui nyingine hai ya aina hiyo duniani. Maji ya ziwa hufikia ukali wa kuchoma ngozi. Mwaka 1954 Leslie Brown, ofisa kilimo wa Kenya aliyewapenda ndege kuliko usalama wake mwenyewe, alijaribu kuvuka tope la Natron kwa miguu kuvifikia viota alivyokuwa ameviona kutoka angani. Magadi yaliiunguza miguu yake vibaya, akaishia kitandani hospitalini.

Ukali uliomuunguza Brown ndio unaowalinda ndege. Heroe wadogo hujenga viota vya tope katikati ya ziwa, ambako fisi na mbweha hawafiki, na hula mwani mdogo usioonekana kwa macho unaostawi kwenye maji ya magadi na kuwapa ile rangi yao ya waridi. Afrika Mashariki inakadiriwa kuwa na heroe wadogo kati ya milioni 1.5 na milioni 2.5, takribani robo tatu ya wote waliopo duniani, na Natron ndilo ziwa pekee la ukanda huu wanakozaliana mara kwa mara. Wale wanaowavutia watalii kwenye maziwa ya Nakuru na Bogoria nchini Kenya, kwa sehemu kubwa, wametoka kwenye tope hili. Na hawazai kila mwaka. Maji yakizidi, viota huzama. Yakipungua mno, maadui huvuka kwa miguu. Wanahitaji kina fulani, kwa wakati fulani, bila bughudha.

Kwa hiyo wapinzani hawakudai kwamba kiwanda kingemwaga sumu na ndege wakafa kesho yake. Walisema kingevuruga masharti hayo machache. Kiwanda kingesukuma maji ya magadi kutoka ziwani na kurudisha mabaki. Kingechota maji yasiyo na chumvi katika bonde ambalo mito yake inahesabika kwa vidole. Kingepitisha mabomba na mitambo kwenye eneo ambalo ndege hulihama wakisikia kelele tu. Pia kingeleta mji mpya wenye majalala, na majalala huwaleta marabu na fisi, wezi wa mayai na vifaranga. Kila kimojawapo peke yake mhandisi anaweza kukitetea mezani. Vyote kwa pamoja, ni vigumu.

Watetezi wa mradi walikuwa na hoja zinazostahili kusikilizwa, maana si za kipuuzi. Mwaka 1962, Natron lilipofurika, heroe walihamia Ziwa Magadi, ziwa lenye kiwanda, na wakataga huko kwa wingi mkubwa. Nchini Botswana magadi yamekuwa yakivunwa kwenye uwanda wa chumvi wa Sua tangu mwaka 1991, siku hizi na kampuni ya Botash, na bado heroe huzaliana upande wa kusini wa uwanda huohuo. Kama Botswana wanaweza, kwa nini Tanzania isiweze?

Mifano hiyo miwili ukiichungulia kwa karibu inageuka. Kule Magadi mwaka 1962 vifaranga wengi walivaa pete za magadi yaliyoganda miguuni, nzito kiasi cha kuwazuia kutembea, na watu wa kujitolea walilazimika kuingia kwenye tope na kuzivunja pete hizo kwa maelfu ya vifaranga, mmoja mmoja. Ziwa hilo halikuwa kimbilio la kudumu. Sua nako ni kukubwa mno, mashimo ya kiwanda yako kaskazini, mbali na viota, na kusini mwa Afrika ndege hao wana mahali pengine pa kujaribu bahati, kama Etosha nchini Namibia. Anayekosea Sua anaweza kusamehewa na jiografia. Natron halina ziwa la akiba.

Sasa watu. Wanaoishi kuzunguka ziwa, katika wilaya za Ngorongoro na Longido, wengi wao ni Wamasai wafugaji, na upande wa magharibi, kwenye miinuko, wako Wasonjo wanaojulikana kwa mifereji yao ya umwagiliaji. Kwao Natron ni majani ya kiangazi yanayoota kandokando ya chemchemi, ni mito ya kunyweshea, ni magadi ya kulambisha mifugo na ya kuuza kidogo sokoni. Kiwanda kinachohitaji maji matamu, kwa jicho la mfugaji, ni mshindani anayekuja na pampu. Hofu hiyo ilikuwa ya vitendo kabisa, na haikuhitaji ndege ili ieleweke.

Hata hivyo bonde zima halikusimama upande mmoja. Kulikuwa na waliotaka ajira, barabara inayopitika masika, zahanati yenye dawa na mtandao wa simu. Mwandishi anayewachora Wamasai wa Natron kama walinzi wa asili wasiotaka chochote cha kisasa anawakosea heshima. Sehemu hiyo ya nchi imekuwa ya mwisho kwenye foleni ya karibu kila huduma, na mtu aliyekaa mwisho wa foleni kwa miaka mingi hupima ahadi ya kiwanda kwa mizani tofauti na ya mtu wa Dar es Salaam au London.

Mizani yao ilikuwa na jiwe jingine: Magadi ya Kenya. Wamasai wa pande zote mbili za mpaka ni ndugu, na habari huvuka na ng'ombe. Kiwanda cha Magadi kilileta mji, hospitali, shule, reli na bomba la maji, na hakuna anayebisha kwamba watu wa Kajiado, kaunti yenye ziwa hilo, wamefaidika na hayo. Lakini ardhi yenyewe ilipatikana katika zama za makubaliano ya 1904 na 1911, ambayo kwayo utawala wa Kiingereza uliwahamisha Wamasai kutoka sehemu bora za malisho yao, na zaidi ya miaka 100 baadaye bado serikali ya kaunti ya Kajiado na kampuni wamekuwa wakivutana juu ya mabilioni ya shilingi ya kodi ya ardhi. Tata walikuwa wamekinunua kiwanda hicho kupitia kampuni ya Uingereza ya Brunner Mond muda mfupi tu kabla ya kuja Natron. Mwanakijiji wa Gelai, mashariki mwa Natron, hakuhitaji mtaalamu wa kumweleza kiwanda cha magadi hufananaje kikizeeka.

Kilichobadilisha upepo, zaidi ya picha za ndege, ni karatasi. Tanzania ilikuwa imepitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004, na sheria hiyo ilitaka mradi wa aina hii ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, ripoti ipitiwe na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), na wadau wasikilizwe. Bila sharti hilo, mjadala ungebaki ndani ya ofisi za wizara. Ripoti iliyoandaliwa na washauri wa Norconsult ilipotoka mwaka 2007, wanasayansi na asasi za kiraia walipata kitu cha kushika mkononi: ukurasa wa kuhoji, takwimu ya kupinga, kifungu kilichokosa jibu. Walihoji jinsi uzazi wa heroe ulivyoshughulikiwa juu juu, na kwa nini njia mbadala hazikupimwa kwa uzito, pamoja na ile ya kutojenga kabisa. Asasi za Tanzania, Kenya na kwingineko zikaungana kwenye kundi moja la ushauri juu ya Natron, na BirdLife International ikaendesha kampeni iliyofika magazeti ya Ulaya.

Karatasi ya pili ilikuwa Mkataba wa Ramsar. Tanzania ilijiunga nao mwaka 2000, na bonde la Natron likaandikishwa mwaka 2001 kama ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Mkataba huu hauna polisi wala mahakama, na wengi huudharau kwa sababu hiyo. Una kitu kingine, nacho ni aibu iliyoratibiwa. Februari 2008 ujumbe wa ushauri wa Ramsar ulifika nchini, na serikali iliyojiandikisha kwa hiari yake ikajikuta inapaswa kueleza mbele ya wageni ingefanyaje kiwanda na hifadhi vikae pamoja. Ukichanganya hilo na kampuni ambayo jina lake limejengwa juu ya sifa ya uadilifu tangu karne ya 19, unapata mazingira ambayo mwekezaji hupiga hesabu upya. Magadi soda yanapatikana kwingine. Sifa ikichafuka ni ghali kuisafisha.

Kuna jambo la pembeni ambalo wachambuzi hulisahau: mwaka 2007 Ol Doinyo Lengai ulilipuka, majivu yakafunika malisho, na matetemeko yakasikika hadi miji ya mbali. Hakuna ofisa aliyesema hadharani kwamba mlima ulichangia uamuzi, lakini kuwashawishi mabenki juu ya mtambo wa mamia ya mamilioni ya dola chini ya volkano inayonguruma haikuwa kazi ya kupendeza.

Rampal inaonyesha upande wa pili wa shilingi. Serikali za Bangladesh na India, kupitia mashirika yao ya umeme, ziliamua kujenga kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,320 yapata kilomita 14 kutoka Sundarbans, msitu mkubwa wa mikoko wenye chui milia, ambao upande wake wa Bangladesh uko kwenye orodha ya Ramsar tangu 1992 na ni Urithi wa Dunia tangu 1997. Upinzani ulikuwa mkubwa kuliko wa Natron kwa kila kipimo. Mwaka 2013 maelfu ya watu waliandamana kwa siku kadhaa kutoka Dhaka kuelekea huko. Mwaka 2016 UNESCO ilipendekeza mradi uhamishwe. Kituo kikajengwa hata hivyo, na mwishoni mwa 2022 kikaanza kuzalisha umeme kibiashara.

Tofauti ni nini? Idadi ya waandamanaji haikuwa tatizo, wala uzuri wa mnyama: chui milia hamuonei wivu heroe. Rampal ilikuwa na wamiliki ambao ni serikali mbili, mkopo wa benki ya serikali ya India, na bidhaa ambayo taifa zima lilikuwa linaililia. Umeme ukikatika, waziri husikia. Magadi soda yakichelewa, anayesikia ni mwenye kiwanda cha chupa. Mwekezaji wa Natron alikuwa na pengine pa kwenda, na mfadhili wa Rampal hakuwa na hofu ya kuchafuliwa jina.

Lamu iko katikati. Kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilipata leseni ya mazingira mwaka 2016, wavuvi na wakazi wakapinga kupitia muungano wa Save Lamu, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira la Kenya likaifuta leseni. Sababu kuu haikuwa moshi wala mikoko. Baraza liliona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: waliitwa kuzungumza kabla ripoti haijakamilika, na ripoti ilipokamilika hawakurudiwa. Mwaka huohuo Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haitaufadhili mradi. Lamu si hifadhi ya wanyamapori, ila funzo lake linahusu kila ardhioevu: mahakamani, swali la nani aliulizwa, lini, na akiwa na karatasi gani mkononi, lina uzito ambao picha ya kasa au ndege haina. Kenya ina chombo cha rufaa kilicho hai ambapo mvuvi anaweza kumshtaki mtoa leseni na akashinda. Wapinzani wa Natron hawakuwahi kupata hukumu ya namna hiyo. Walipata mwekezaji aliyeondoka.

Na mwekezaji akiondoka, mradi hubaki kabatini. Mwaka 2011 Rais Jakaya Kikwete alitangaza kuwa serikali itaendelea na uchimbaji wa magadi Natron. Safari hii kiwanda kilikuwa kiungo kimoja cha mnyororo mrefu zaidi: reli kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma, na bandari mpya Mwambani. Bandari yenyewe ilikuwa na mgogoro wake, maana Mwambani iko ndani ya hifadhi ya bahari ya silikanti iliyotangazwa mwaka 2009, nyumbani kwa samaki aliyedhaniwa kutoweka enzi za dinosaria. Mwaka 2012 utafiti wa asasi za uhifadhi ulikadiria kwamba kwa miaka 50 uchimbaji ungeleta hasara ya kati ya dola milioni 44 na milioni 492, ilhali utalii na matumizi mengine ya ziwa yangeleta faida ya dola bilioni 1.28 hadi bilioni 1.57. Tarakimu hizo zisomwe kwa tahadhari, kwa kuwa walioziagiza walikuwa tayari na upande. Lakini serikali haikuweka mezani hesabu yake yenye kina kama hicho, na hapo ndipo mjadala ulipoegemea. Mwishoni mwa 2024 asasi ya Nature Tanzania na washirika wake walitangaza kwamba pendekezo jingine la kuchimba magadi palepale limesimamishwa.

2006, 2011, 2024. Mtu anayekaa Engaresero, kijiji cha jirani na ziwa, ana haki ya kuuliza kama kweli kuna ushindi hapa, au ni likizo tu.

Swali hilo linaelekea kwenye udhaifu ambao kampeni za ndege hazikuutibu. Natron si Hifadhi ya Taifa. Ni eneo la Ramsar na pori tengefu, lenye vijiji, vitalu vya uwindaji na malisho ndani yake. Maziwa ya Kenya wanakokula heroe, yaani Bogoria, Nakuru na Elementaita, yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Ziwa wanakozaliwa halimo. Kwa mhifadhi, dawa iko wazi: lipandishwe hadhi, liwekewe ulinzi mkali. Ukimpelekea mzee wa Kimasai dawa hiyo, utaona uso wake ukibadilika.

Ana sababu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 ilibana malisho katika mapori tengefu, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa ni ardhi ya vijiji kwa matumizi ya kila siku. Mwaka 2022, Loliondo, magharibi tu ya Natron, serikali iliweka mipaka ya kilomita za mraba 1,500 ikazifanya pori la akiba la Pololeti. Kukawa na vurugu, askari mmoja akauawa, watu wakajeruhiwa, familia zikavuka kwenda Kenya. Wakati huohuo wakazi wa Ngorongoro walikuwa wakihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali ilisema inalinda mazalia ya nyumbu na vyanzo vya maji, na kwamba uhamaji wa Ngorongoro ni wa hiari. Wenyeji wengi walisema wananyang'anywa. Kwa mfugaji wa bonde hili, kiwanda na hifadhi huja kwa gari linalofanana, na ramani inayofanana mkononi.

Ndiyo maana muungano kati ya asasi za ndege na wanavijiji ulikuwa na nguvu pale tu kiwanda kilipokuwa kinakuja. Kikishaondoka, kila upande una hofu yake: mmoja unaogopa ng'ombe wengi, mwingine unaogopa mlinzi wa pori. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi ya kijiji, na katika bonde la Natron sauti hiyo ingeweza kuwa ngome imara kuliko kampeni yoyote, kwa kuwa mwenyekiti wa kijiji na wazee wa mila hawaondoki fedha za wafadhili zikiisha. Ila ngome hiyo ina ufa: ardhi ya kijiji na pori tengefu hupandana kwenye ramani, na uso wa ziwa wenyewe, pamoja na magadi yaliyo ndani yake, uko mikononi mwa serikali kuu. Kijiji kinaweza kukataa njia ya bomba. Hakiwezi kukataa leseni ya madini.

Utalii, ambao hutajwa kila mara kama mbadala, umeleta kitu. Engaresero ina maporomoko, safari za kupanda Lengai, na eneo la nyayo za binadamu wa kale, zaidi ya 400, zilizohifadhiwa kwenye majivu ya volkano. Wageni hulipa ada, akina mama huuza shanga, vijana huwa waongozaji. Lakini mageti yenye kudai malipo yamekuwa malalamiko ya muda mrefu ya waongoza watalii, na mapato yakifika Engaresero si lazima yamfikie mtu wa Gelai upande wa mashariki, ambaye anaishi na ziwa hilohilo bila maporomoko. Mradi mpya wa magadi ukija na ahadi, utaanzia kwake. Hilo si utabiri mgumu.

Isitoshe, tishio kubwa kwa ziwa huenda lisivae kofia ya kiwanda kabisa. Ewaso Ng'iro unatoka Kenya, ambako misitu ya Mau imekatwa kwa miongo mingi na mipango ya mabwawa ya umeme kwenye mto huo imewahi kuandaliwa. Udongo unaoletwa na mafuriko, au maji yanayozuiwa juu, yanaweza kubadili kina cha Natron bila mtu yeyote kuandika ripoti ya tathmini Dodoma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kila sababu ya kulichukua bonde hili kama suala lake. Hadi sasa kila nchi imelinda nusu yake ya ndege.

NDC, kwa upande wake, ilitafuta njia ya kupita kando. Ilichimba visima vya utafiti Engaruka, wilayani Monduli, kusini mwa Natron, na kukuta maji ya magadi mengi chini ya ardhi. Serikali imeelekeza nguvu huko na wananchi wamelipwa fidia kupisha mradi. Kwa wahifadhi wengi huu ni mwafaka wa maana: viwanda vya kioo na sabuni vya Tanzania vinapata malighafi, heroe wanabaki na tope lao. Huenda ni kweli. Bado Engaruka iko kwenye bonde hilohilo kame, na mashamba ya kijiji yanamwagiliwa na mto unaoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Pale kuna magofu ya mji wa wakulima waliojenga matuta ya mawe na mifereji, waliostawi tangu karibu karne ya 15 na kuondoka katika karne ya 18; kupungua kwa maji ni mojawapo ya sababu zinazotajwa na wanaakiolojia. Maswali ambayo ripoti ya mwaka 2007 ilihojiwa kwayo yanafaa kuulizwa hapa moja baada ya jingine: kiwanda kitachota maji kiasi gani yasiyo na magadi, kutoka kisima kipi, katika mwezi gani wa kiangazi, mabaki yatamwagwa wapi, na wanavijiji wataiona ripoti ya mradi huu kwa Kiswahili kabla au baada ya kuitwa mkutanoni. Tofauti ni kwamba Engaruka hakuna ndege wa waridi wa kuwaleta wapiga picha.